Taa za Njia Panda: Niliyosema Wiki Mbili Zilizopita

Ndugu msikilizaji, wiki mbili zilizopita, katika kipindi hiki hiki, nilisema kwa sauti ya juu kwamba njia panda iliyo karibu na shule ya msingi ya mtaani kwetu iwekewe taa za kuongozea magari, tena iwekewe upesi. Nilisema kwa hasira. Asubuhi ya siku ile mtoto wa darasa la pili alikuwa amegongwa na pikipiki mahali pale, akavunjika mguu, nami nilikuwa mmoja wa watu waliombeba hadi kwenye bajaji iliyompeleka hospitali. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa anauliza kiatu chake kiko wapi.

Baada ya kipindi nilipigiwa simu nyingi za pongezi. Jumamosi iliyofuata ukaitishwa mkutano wa mtaa, na huko ndiko nilikoanza kujiuliza kama nilikuwa nakijua nilichokisema. Leo naomba nirudi katika jambo lile lile. Mkutano wa pili ni keshokutwa, na safari hii mwenyekiti amesema watu hawatatawanyika mpaka uamuzi upatikane.

Nianze na njia panda yenyewe. Jina lake sitalitaja, maana njia panda za namna ile zimejaa katika kila kata ya jiji hili la Dar es Salaam na wewe unayo ya kwenu. Barabara nne zinakutana. Mbili ni za lami nzuri, ndizo zinazobeba daladala na malori ya kokoto. Mbili ni za lami iliyokwisha kumong'onyoka pembeni. Pembe moja kuna ukuta wa shule, ya pili duka la dawa, ya tatu kijiwe cha bodaboda, ya nne kuna mama anayeuza vitumbua na chai tangu kabla mimi sijahamia pale. Daladala husimama kwenye kona yenyewe kwa sababu ndipo abiria walipo, na abiria husimama pale kwa sababu ndipo daladala zinaposimama. Pundamilia ilichorwa zamani, ila siku hizi hata anayejua ilipokuwa inabidi ainame ndipo aione.

Katika mkutano ule wa kwanza alikuja mhandisi wa halmashauri, kijana mpole, ameshika faili. Watu walikwisha kupaza sauti, taa, taa, taa. Akasimama akasema, "Wazee wangu, na mama zangu, shikamooni. Taa si pambo la mtaa. Taa ni dawa, na dawa hutolewa baada ya kupima." Watu wakaguna. Nami niliguna. Nikanyoosha mkono nikamwuliza, kipimo gani zaidi ya mtoto aliyevunjika mguu?

Akajibu kwa utulivu ulioniudhi wakati ule. Alieleza kwamba kila nchi ina vigezo vyake, akatoa mfano wa Marekani, ambako kipo kitabu cha mwongozo wa alama na taa za barabarani kinachotumika nchi nzima. Kitabu hicho, katika toleo lake la mwaka 2009, kinaorodhesha sababu tisa zinazoweza kuhalalisha taa. Mojawapo ni wingi wa magari: kwa barabara zenye njia moja kila upande, barabara kubwa iwe inapitisha walau magari 500 kwa saa, pande zote mbili zikijumlishwa, na ile ndogo walau 150 kwa saa kutoka upande wake wenye magari mengi zaidi, tena hali iwe hivyo kwa saa nane za siku. Sababu nyingine ni ajali, yaani ajali tano au zaidi katika muda wa miezi 12. Na hata sababu hizo zikitimia, kitabu chenyewe kinasema kutimia kwake peke yake hakumlazimishi mtu kuweka taa.

Nikasimama tena. "Kwa hiyo, ndugu mhandisi, tusubiri watoto wengine wanne?" Mkutano ukalipuka kwa makofi. Nakiri niliyafurahia yale makofi. Mwandishi wa redio ni mtu wa kupenda makofi, maana ndani ya studio hayasikiki.

Kijana akangoja makofi yaishe. Kisha akasema, "Kitabu kinasema ajali za aina ambayo taa ingeweza kuizuia. Naomba niulize. Yule mtoto aligongwaje?" Mama wa vitumbua, aliyeona kwa macho yake, akaeleza. Daladala ilikuwa imesimama kwenye kona inapakia. Mtoto akapita mbele ya daladala avuke. Pikipiki ikaipita daladala upande wa kulia. Dereva wa pikipiki hakumwona mtoto na mtoto hakuiona pikipiki, daladala ilikuwa katikati yao kama ukuta. "Sasa," akauliza mhandisi, "taa ikiwa ya kijani kwa daladala na kwa pikipiki, na daladala imesimama pale pale kwenye kona kupakia, mtoto anapita pale pale mbele yake, taa itamsaidia nini?"

Hakuna aliyejibu. Hata mimi.

Basi, ndugu msikilizaji, nilirudi nyumbani na hilo swali. Jumatatu na Jumanne nikachukua likizo, nikamwomba mhandisi fomu ile wanayotumia kuhesabia magari, nikaenda kukaa kwenye benchi la mama wa vitumbua pamoja na mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi tukamaliza saa kumi na mbili jioni. Kazi yenyewe ni rahisi: kila gari kijiti, vijiti vinne na mkato ni tano, na kila robo saa unapiga mstari unaanza upya. Fomu ilikuwa na safu ya magari madogo, safu ya mabasi, safu ya malori, safu ya pikipiki. Ikafika saa moja kasorobo, wanafunzi wakaanza kumiminika, mpwa wangu akaniuliza, "Anko, hawa tunawaandika wapi?" Nikaigeuza fomu mbele na nyuma. Safu ya watu wanaotembea kwa miguu haikuwepo.

Tukachora safu yetu kwa kalamu. Mpaka saa mbili ilikuwa imejaa, tukachora nyingine ubavuni. Siku zote mbili, asubuhi na jioni, watu wa miguu waliyashinda magari kwa mbali. Nadhani hapa ndipo mzizi wa maneno yetu yote ulipo, nami nitaurudia.

Lakini kwanza niseme jambo la taa zenyewe, maana tunazizungumza kama vile ni kitu kilichoteremka kutoka mbinguni. Taa ya kwanza ya kuongoza barabara iliwekwa London Desemba mwaka 1868, karibu na majengo ya Bunge, kwa ushauri wa mhandisi wa reli aliyeitwa J. P. Knight. Ilikuwa na mikono ya kupanda na kushuka kama ishara za reli, na usiku iliwaka kwa gesi, nyekundu na kijani. Polisi ndiye aliyeiendesha kwa mkono. Haikumaliza majira ya baridi. Januari 1869 gesi ilivuja, taa ikalipuka, polisi akaungua, mradi ukafa. Agosti 1914 mji wa Cleveland huko Marekani ukawasha taa za umeme, na huko nako alikuwapo polisi ndani ya kibanda, akibonyeza swichi. Kwa hiyo wale tunaolalamika kwamba hapa kwetu taa haiwezi kuwaka bila trafiki kusimama chini yake, tujue kwamba wawili hawa walizaliwa pamoja. Tofauti ni kwamba wenzetu baadaye waliwatenganisha.

Sisi bado. Aliyewahi kukaa Ubungo kabla ya barabara za juu kufunguliwa Februari 2021, au TAZARA kabla ya Septemba 2018, hahitaji kusimuliwa. Taa zilikuwapo, zinawaka vizuri kabisa, kijani, njano, nyekundu, na chini yake askari ameshayaruhusu magari ya upande mmoja yapite kwa dakika kadhaa, taa inasema lake na mkono unasema lake. Nairobi hali imekuwa hiyo hiyo. Nilimwuliza askari mmoja wa usalama barabarani, si wa njia panda yetu, kwa nini hawaiachii taa. Akanijibu, "Mwandishi, mimi naiona foleni. Taa haiioni."

Jibu lake lina ukweli, lakini ni nusu yake. Naomba nifafanue, maana jambo hili hunikera.

Taa ikigeuka kijani, gari la kwanza halitoki mara moja. Dereva anatoa mguu kwenye breki, anaingiza gia, ndipo anaondoka. Baada ya magari machache mambo yanatulia, na kila baada ya sekunde mbili hivi gari moja linapita mstari, yaani kama magari 1,800 kwa saa katika njia moja iwapo kijani isingekatika. Kisha njano, kisha muda mfupi ambao pande zote ni nyekundu ili waliomo katikati watoke. Kila tunapobadilisha upande, tunapoteza kama sekunde nne ambazo hakuna anayenufaika. Pande nne, sekunde 16. Mzunguko mzima ukiwa sekunde 60, zaidi ya robo ya muda imekwenda bure. Ukiwa sekunde 120, hasara inashuka hadi kama 13 kwa mia. Askari anaelewa hesabu hii kwa uzoefu, ndiyo maana anarefusha.

Ila kurefusha kuna mwisho wake. Mwaka 1958 mtaalamu wa Uingereza, F. V. Webster, alichapisha kanuni ya kutafuta mzunguko unaowapunguzia watu wote kungoja, na inajulikana tangu hapo kwamba ukivuka kama dakika mbili faida inakuwa ndogo mno huku wanaongoja upande wa pili wanazidi kujazana. Askari akiruhusu upande mmoja kwa dakika tano au sita, foleni ya upande wa pili inarudi nyuma mpaka inaifikia njia panda iliyotangulia, inaiziba, na huko nako askari mwenzake anaanza kurefusha. Foleni anayoiona ni ile iliyo mbele ya macho yake. Ile anayoitengeneza kilomita moja nyuma haioni. Na katika hizo dakika sita, mtu wa miguu anayetaka kuvuka anafanya nini? Anangoja, anachoka, anakimbia katikati ya magari.

Sasa upo upande wa wale wanaosema taa tuachane nazo, tujenge kipilefti. Nao wana hoja nzito, nisiwanyime haki yao. Njia panda ya kawaida ya barabara nne ina sehemu 32 ambapo njia ya gari moja inakutana au kukatana na njia ya gari jingine. Kipilefti cha njia moja kina 8 tu, na ajali ikitokea huwa ya kukwaruzana ubavu, si ya kuvaana uso kwa uso wala ya mmoja kumchoma mwenzake mbavuni. Mji wa Carmel, katika jimbo la Indiana, umejenga zaidi ya vipilefti 150 tangu miaka ya 1990, na taa nyingi umezing'oa. Katika mji wa Drachten nchini Uholanzi, mhandisi Hans Monderman aliondoa taa katika njia panda kubwa ya mji mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaweka duara, na kazi hiyo imetembelewa na wataalamu wa dunia nzima. Kipilefti hakihitaji umeme. Tukikumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, hilo si jambo dogo.

Zaidi ya hapo, upo utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu jiji la Philadelphia. Huko waliondoa taa 199 kwenye njia panda ambazo hazikuwa na magari ya kutosha, wakaweka alama za kusimama kila upande, na ajali zikapungua kwa asilimia 24. Nilipousoma nilirudia mara mbili. Mimi nilidhani taa ikiwekwa hupunguza ajali, ikiondolewa huzidisha. Kumbe taa isiyo na sababu hufundisha watu kuidharau. Dereva anaona nyekundu, anaangalia kushoto hakuna mtu, kulia hakuna mtu, anapita. Kesho anapita tena. Keshokutwa yupo mtu.

Lakini kipilefti nacho kina desturi yake. Huko Uingereza, vilikotoka vya kwetu, vilikuwa vinajifunga vyenyewe mpaka mwaka 1966, ilipotangazwa kanuni kwamba anayeingia ampishe aliyeko kulia kwake, yaani aliyemo ndani ya duara. Kanuni hiyo ndiyo tunayofundishwa na sisi tukienda kusomea leseni. Angalia jioni moja kipilefti chochote chenye magari mengi. Anayeingia anaingiza pua ya gari kwanza. Aliyemo ndani anazuiwa kutoka, aliye nyuma yake anazuiwa na yeye, duara linajaa, na hapo hata malaika akiwa dereva hapiti. Halafu kinahitaji nafasi. Pale kwetu nafasi hiyo ni kijiwe cha bodaboda na meza ya mama wa vitumbua. Katika mkutano alisema wazi, "Mimi nataka watoto wavuke salama, nina wajukuu pale shuleni. Lakini kila mkija na mchoro, mstari unapita kwenye jiko langu."

Nilikuwa nimekwisha kuegemea upande wa kipilefti kidogo, pamoja na matuta. Nilikuwa nimeandika hata hotuba hii kwa kuegemea huko. Jumatano jioni nikapita kumjulia hali mzee mmoja jirani yangu, mstaafu, alikuwa opereta wa simu katika ofisi ya serikali. Mzee huyu haoni tangu utotoni. Mtaa mzima anaupita kwa fimbo yake bila kusaidiwa, isipokuwa mahali pamoja. Nilimsomea nilichoandika. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Mwanangu, umeeleza vizuri. Sasa nieleze mimi. Kwenye kipilefti magari yanasimama lini?"

Nikamwambia hayasimami, yanapunguza mwendo, na dereva akimwona mtu kwenye kivuko atampisha.

"Akiniona. Na mimi nitajuaje kwamba ameniona?"

Nikawa sina neno. Akaendelea, bila ukali, "Mimi husikiliza. Njia panda yenye taa, hata taa isiyotoa sauti, husikia magari ya upande huu yakizima kelele na ya upande ule yakianza. Hapo najua. Kwenye duara kelele haiishi. Inazunguka. Miaka ile nikienda kazini nilikuwa nasimama penye kipilefti mpaka apite mtu nimwombe mkono. Siku nyingine nusu saa. Na wewe unajua mtu mzima kuomba mkono kila siku."

Wataalamu wanalijua tatizo hili, nao wamelijadili kwa miaka mingi. Ila mimi nilikuwa nimekaa siku mbili pale nikihesabu vijiti, na mzee huyu alikuwa ndani ya vijiti vyangu, kijiti kimoja kama wengine, wala sikumwona.

Mtu wa miguu anatembea kama mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya upana wa mita 14 atahitaji karibu sekunde 12. Mzee, mjamzito, mtoto mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake, hao wahesabie mita 0.9, sekunde 15 na zaidi. Taa iliyopangwa kwa ajili ya magari peke yake huwapa sekunde ngapi? Ziko mahali nimepima kwa saa yangu hapa jijini, kijani ya waenda kwa miguu ikazimika nikiwa katikati, nami si mzee. Kwa hiyo swali la taa ndiyo au taa hapana lina swali jingine ndani yake: taa ya nani?

Ndugu msikilizaji, Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilisema watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka duniani, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachowaua zaidi ya hizo ajali. Lakini si kwamba hatujui la kufanya. Hapa hapa Dar es Salaam, shirika la Amend limekuwa likizunguka shule kwa shule, linaangalia wapi watoto wanagongwa, kisha linajenga matuta, njia za miguu, vivuko vya pundamilia, vizuizi vya kuwatenga watoto na magari, na alama. Kazi hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama SARSAI, ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliona majeruhi wakipungua kwa takriban robo katika maeneo ya shule zilizohusika. Hakuna taa hata moja katika orodha ile. Ni saruji, rangi, na mtu wa kuangalia.

Na habari ya umeme haina budi niimalize. Mwaka 2013 huko Kinshasa mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walisimamisha maroboti makubwa ya kuongoza magari, yenye umbo la mtu na mikono ya kunyoosha, yanayotumia nguvu za jua. Madereva walisemekana kuyaheshimu. (Wenzetu wa Afrika Kusini, kwa upande wao, kila taa ya barabarani huiita roboti, hata isiyo na mikono.) Kwa hiyo umeme wa mgawo si kisingizio tena. Kisingizio kinachobaki ni matunzo. Taa ikiungua nani anaibadilisha, kwa fungu gani, baada ya siku ngapi? Betri ikiibwa? Nilimwuliza mhandisi swali hilo kwa simu juzi. Akakaa kimya kidogo, akasema fungu la kujenga huombwa mara moja, fungu la kutunza huombwa kila mwaka, na la pili ndilo hukatwa.

Basi keshokutwa, saa nne asubuhi, nitakuwa kwenye uwanja wa shule, na nikipewa nafasi nitasema hivi. Kwanza, wala tusingoje mwaka wa fedha ujao, kituo cha daladala kiondoke kwenye kona kisogezwe mbele ya duka la dawa, baada ya njia panda, ili daladala ikisimama mtoto avuke nyuma yake. Madereva na makonda waitwe katika mkutano, waelezwe na wasikilizwe, si kupigwa faini tu. Pili, pundamilia iinuliwe iwe tuta, pande zote mbili za shule, na katikati ya barabara kubwa pawe na kisiwa cha saruji ambapo mtu anaweza kupumua kabla ya kuvuka nusu ya pili. Sheria inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, lakini hiyo 50 mbele ya shule ni nyingi, na pikipiki haisomi kibao, inasoma tuta.

Tatu, tuhesabu upya baada ya hayo, kwa fomu yenye safu ya watu wa miguu, na mpwa wangu amekubali kuhesabu tena akilipiwa chai. Na nne, hapa nageuza nilichokuwa nimeandika Jumanne: hesabu ikionyesha watu bado wamekwama pale, niko upande wa taa. Lakini iwe taa yenye kitufe cha mtu wa miguu na sauti ya kumwambia asiyeona kwamba magari yamesimama, yenye sekunde za kumtosha mzee, na fungu la matunzo liandikwe katika muhtasari huo huo wa mkutano, pamoja na ahadi ya wenzetu wa usalama barabarani kwamba ikiwaka wataiacha ifanye kazi, isipokuwa kwa dharura ya kweli. Bila hayo mawili ya mwisho nitapiga kura ya hapana, na wale walionipigia makofi Jumamosi ile watanizomea, nami sitawalaumu.

Mhandisi amesema atakuja. Mwenyekiti amesema mama wa vitumbua apewe nafasi ya kuzungumza kabla ya mchoro wowote kufunguliwa, na hilo nimelipenda. Mzee wangu opereta naye atakuja. Ukumbi wa mkutano uko ng'ambo ya barabara, kwa hiyo nimepanga nimpitie saa tatu na nusu, tuvuke pamoja.